Sumaku Mahali Pake: Kufunga Kihisi cha Mizunguko ya Pedali

Kompyuta ndogo ya kwenye hendobaa inaonyesha mwendo, umbali na saa. Pale panapotakiwa kuonekana idadi ya mizunguko ya pedali kwa dakika pana sifuri. Mwenye baiskeli anabadilisha betri, sifuri iko palepale. Anatafuta sumaku kubwa zaidi, namba inatokea, kisha inapotea kwenye tuta la kwanza. Hapo ndipo anapoanza kusema kifaa ni feki.

Mara nyingi kifaa ni kizima. Sumaku inapita mbali mno na kihisi, au inapita pembeni ya pale inapotakiwa kupita. Ukishika mambo mawili, nafasi na mstari, kazi nzima ya kufunga sumaku inakuwa ya nusu saa, na nguvu ya sumaku yenyewe inakuwa jambo la mwisho la kuhangaikia.

Ndani ya vihisi vingi vya sumaku mna swichi ya kizamani: vijiti viwili vyembamba vya chuma vilivyofungiwa ndani ya mrija mdogo wa kioo, ncha zao zikikaribiana bila kugusana. Walter Ellwood aliibuni mwaka 1936 katika maabara za Bell nchini Marekani, na baadaye ikatumika kwa wingi kwenye mitambo ya simu. Sumaku ikikaribia, vijiti vinavutana na kugusana, umeme unapita. Sumaku ikienda zake, vinaachana. Kila mguso kompyuta inauhesabu kuwa mzunguko mmoja, inapima muda uliopita tangu mguso uliotangulia, kisha inapiga hesabu. Muda huo ukiwa robo tatu ya sekunde, kioo kinaandika 80.

Sasa angalia tabia ya sumaku. Ukishaiacha kwa umbali unaozidi ukubwa wake yenyewe, nguvu yake hupungua kwa kasi sana: ongeza umbali mara mbili, na kinachokifikia kihisi ni karibu sehemu moja tu ya nane. Kwa hiyo kusogeza kihisi milimita chache kunaleta faida ambayo huwezi kuipata kwa kununua sumaku yenye nguvu maradufu. Vihisi vingi hufanya kazi vizuri sumaku ikipita kwa nafasi ya milimita 3 hivi, yaani unene wa sarafu mbili zilizopangwa pamoja. Ziweke hizo sarafu mfukoni, zitakuwa kipimo chako.

Kihisi kinafungwa upande wa kushoto wa baiskeli, kwenye paipu ya chini ya fremu inayotoka kwenye krenki kwenda ekseli ya gurudumu la nyuma. Upande wa kulia una cheni na sproketi za mbele, hapana nafasi, na sumaku inayokaa karibu na cheni inakusanya unga wa chuma wote unaosagika humo. Sumaku basi inakwenda kwenye mkono wa pedali wa kushoto, upande wa ndani unaotazama fremu. Mpaka hapa mafundi wote wanakubaliana. Wanapotofautiana ni mahali gani hasa pa mkono huo.

Njia iliyozoeleka ni kuifunga kwenye mkono wenyewe kwa tai za plastiki zile za mafundi umeme. Inafanya kazi, lakini ina kasoro yake. Mikono mingi ya pedali hupungua unene kadiri inavyokaribia pedali, kwa hiyo tai iliyokazwa leo inateleza polepole kuelekea kwenye wembamba, na sumaku inahama kutoka kwenye mstari wake bila wewe kuona. Wengine husingizia kasi ya mzunguko, eti ndiyo inayoing'oa. Piga hesabu uone: kwa mizunguko 90 kwa dakika kwenye mkono wa milimita 170, mvuto wa kuitupa nje ni kama mara moja na nusu ya uzito wa sumaku yenyewe, na sumaku hiyo ina gramu chache tu. Si kitu. Kinachoiondoa ni kisigino cha kiatu, matope, maji ya kuoshea na mtikisiko wa barabara mbovu.

Mimi napendelea mwisho wa ekseli ya pedali. Pedali inaingia kwenye mkono kwa uzi wa skrubu, na mwisho wa ekseli hutokeza au hulingana na uso wa ndani wa mkono, ukitazama fremu moja kwa moja. Kwenye pedali nyingi ekseli hiyo ni ya chuma hata kama mkono ni wa aluminiamu au kaboni, na chuma hushika sumaku bila gundi wala tai. Kipenyo chake ni milimita 14 na kidogo, hivyo sumaku ya kitufe yenye upana wa milimita 10 au 12 inakaa juu yake bila kupita ukingo. Haitelezi, haishikwi na kiatu kwa sababu iko nyuma ya mkono, na ukitaka kuiondoa unaisukuma kwa ubavu kwa kijiti. Pedali za bei kubwa zenye ekseli ya titani haziwezi, kwa kuwa titani haishiki sumaku. Gusisha sumaku kwanza kabla ya kupanga lolote.

Kuna mtego mmoja hapa. Ekseli nyingi zina tundu la pembe sita mwishoni, la spana ya alenki, kwa kawaida ya milimita 6 au 8. Watu wengi wanafurahi wakiona tundu hilo, wanatumbukiza sumaku ndogo ndani, inazama na kukaa vizuri kabisa. Kisha kihisi hakioni kitu. Kuta za chuma zinazoizunguka sumaku zimeinyonya nguvu yake, inarudi ndani ya ekseli badala ya kutoka nje. Chuma kikiwa nyuma ya sumaku kinaisaidia. Kikiizunguka ubavuni kinaizima. Kama unatumia tundu, panga sumaku mbili au tatu za milimita 6, moja juu ya nyingine, mpaka ya mwisho itokeze nje ya tundu. Kama sivyo, achana na tundu, weka sumaku pana juu ya mdomo wake.

Kabla ya kuweka, futa mwisho wa ekseli kwa kitambaa. Pana grisi iliyosukumwa huko siku pedali ilipofungwa, na juu yake vumbi la miaka. Ikibidi kuifungua pedali ili kusafisha, kumbuka kwamba pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume: inafunguka ukiizungusha kwa mwelekeo wa saa. Aliyesahau hilo akakaza kwa nguvu zake zote akidhani anafungua ameharibu uzi wa aluminiamu, na mkono mpya bei yake inapita ya kihisi.

Sasa kihisi. Kwa kuwa sumaku iko kwenye pedali yenyewe, inazunguka kwa duara pana, nusu kipenyo chake kikiwa urefu wa mkono: milimita 170 kwa baiskeli nyingi, 175 kwa kubwa. Pima umbali huo kutoka katikati ya krenki kwenda nyuma, ukifuata paipu ya fremu, na uweke alama kwa chaki. Hapo ndipo sumaku itakapopita. Paipu hiyo ina urefu wa milimita 410 hadi 450 hivi kwenye baiskeli nyingi, kwa hiyo alama yako itaangukia kabla ya nusu yake, na pale pana spoki za gurudumu la nyuma upande wa pili. Hii ni bahati kwa wenye kihisi cha pamoja, kile kinachosoma mwendo na mizunguko kwa wakati mmoja: mkono wake mdogo unaweza kuelekea kwenye sumaku ya spoki huku mwili wake ukitazama pedali.

Kikwazo ni nafasi. Fremu nyingine zina paipu iliyo karibu na mkono wa pedali, nyingine zimeiacha sentimita mbili nzima. Nafasi ikiwa kubwa, usikimbilie gundi. Kwanza inua kihisi kwa kuweka kipande cha tyubu kuukuu chini yake, kilichokunjwa mara mbili au tatu. Mpira huo pia unalinda rangi ya fremu na kuzuia kihisi kisizunguke. Bado kuna nafasi? Ongeza sumaku ya pili juu ya ya kwanza. Kila unapoongeza, zungusha pedali taratibu kwa mkono na uangalie isiguse fremu, tairi wala kihisi. Kumbuka fremu na mkono hupinda kidogo unaposimama na kukanyaga kwa nguvu mlimani. Hizo sarafu mbili zipite kwa uhuru. Ukiacha milimita 1 kwa sababu kwenye stendi iliingia vizuri, utasikia mlio wa kugonga kwenye mlima wa kwanza.

Usikaze tai moja kwa moja. Shika kihisi kwa tepu ya umeme kwanza, shika na sumaku kwa tepu kama inakaa kwenye mkono wa aluminiamu, ujaribu. Geuza pedali kinyumenyume ukiwa umesimama. Kihisi hakijali inakokwenda, na gurudumu halitazunguka. Vihisi vingi vina taa ndogo inayowaka kila sumaku inapopita. Kisicho na taa, subiri kompyuta ikitambue, kwa maana vifaa hivi hulala vikikaa muda bila kazi na huhitaji mizunguko kadhaa ya kuamka.

Taa ikikataa kuwaka ingawa nafasi ni ndogo, tatizo ni mstari. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na ndipo panapohitaji uvumilivu. Sumaku ya kitufe huwa na ncha zake kwenye nyuso mbili bapa. Uso huo ukipita ukitazama katikati kabisa ya mrija wa kioo, vijiti vyote viwili vinapata nguvu ya aina moja na havina sababu ya kuvutana. Ukipita kuelekea mwisho mmoja wa mrija, vinavutana papo hapo. Ndiyo sababu mstari au nukta iliyochorwa kwenye kihisi mara nyingi haiko katikati, na ndiyo sababu sumaku iliyowekwa katikati kabisa kwa jicho zuri la fundi inaweza kukataa. Fuata alama. Kama haipo, sogeza kihisi milimita 5 mbele au nyuma ya chaki yako, jaribu. Kisha milimita 10. Sogeza kihisi, kwa kuwa ekseli huwezi kuihamisha.

Dalili ya pili ya mstari mbaya ni ya kuchekesha: kioo kinaandika 160 wakati miguu inakwenda kwa starehe. Sumaku imepita ikifuata urefu wa mrija, ikafunga swichi mwisho wa kwanza, ikaiacha katikati, ikaifunga tena mwisho wa pili. Migongo miwili ya nguvu, miguso miwili, mzunguko mmoja. Hamisha kihisi ili sumaku iguse mwisho mmoja tu, au kiongezee nafasi kidogo.

Namba ikishatokea, ihakiki. Panda, tafuta barabara tambarare, hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukihesabu 20, kioo kiseme 80 au jirani yake. Namba inayorukaruka barabara ya vumbi lakini inatulia kwenye lami inakuambia kihisi kinatikisika, kaza tai. Inayopotea ukisimama kwenye pedali na kurudi ukikaa inakuambia nafasi iko ukingoni mwa uwezo wake, punguza kidogo. Inayopotea polepole kwa siku kadhaa, hiyo sasa ndiyo betri.

Yote yakikubali, ndipo ukaze tai mbili, si moja, na ukate mikia yake hadi mwisho. Mkia uliobaki ni wembe kwenye kifundo cha mguu.

Kwa wenye ekseli ya titani au pedali ambayo mwisho wake haufikiki, gundi haiepukiki. Tumia epoksi ya mirija miwili. Supaglu inashika haraka lakini ni kavu, haipendi mtikisiko, na siku moja inaachia ghafla. Gundi ya kuyeyushwa kwa bunduki nayo isahau: baiskeli nyeusi iliyoachwa juani mchana wa Dodoma inatosha kuilainisha. Sugua mkono wa aluminiamu kwa msasa laini pale tu sumaku itakapokaa, futa kwa spiriti, usifute kwa mafuta ya taa yanayoacha utelezi. Mkono wa kaboni usiuguse kwa msasa. Ufute tu na utumie tepu imara yenye gundi pande mbili. Acha epoksi siku nzima kabla ya kupanda, hata kama kwenye pakiti wameandika dakika 5.

Sumaku zenyewe zinapatikana bila shida. Zinazofaa ni za neodimiamu, zile ndogo za rangi ya fedha zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1980. Mafundi wa redio na simu, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, wana spika na hedifoni mbovu zenye sumaku za duara za ukubwa unaotufaa. Sumaku ya hadidiski ya kompyuta ina nguvu ya ajabu lakini siipendekezi: imetengenezwa uso mmoja ukiwa na ncha mbili ubavu kwa ubavu, na inaweza kukuletea tena ule ugonjwa wa kuhesabu mara mbili. Zile laini za kubandika kwenye mlango wa friji hazifai kabisa, nguvu yake haifiki hata milimita chache. Ukipata ya neodimiamu iliyochubuka, ipake rangi ya kucha. Ngozi yake ya nikeli ikitoboka, kutu itaila ndani kwa ndani mpaka igeuke unga.

Usiipashe moto kwa koleo la kulehemu ili kuibandika. Za kawaida huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzijoto 80. Na usiziache mbili mbili mezani penye mtoto. Akimeza mbili, zinaweza kuvutana kutoka pande tofauti za utumbo na kuubana mpaka utoboke. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo bila kungoja dalili. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo naye asizibebe kwenye mfuko wa shati.

Kuna watakaouliza kwa nini uhangaike kwa ajili ya namba moja. Anayeendesha kwenda sokoni na kurudi haihitaji, na nisingemshauri atumie hata shilingi. Ni ya anayepanda milima, anayefanya mazoezi ndani kwa baiskeli iliyofungwa kwenye stendi, au ambaye magoti yanamuuma na hajui sababu. Wengi wasiofundishwa hukanyaga mizunguko 60 kwa dakika kwa gia nzito, wakidhani uzito ndio kazi, wakati waendeshaji waliozoea barabara hukaa kati ya 80 na 100. Eddy Merckx alipoweka rekodi ya saa moja kule Mexico City mwaka 1972, kilomita 49.431 kwa gia ya meno 52 mbele na 14 nyuma, alikuwa akizungusha karibu mara 104 kila dakika kwa saa nzima. Na Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mara 4, aliwaacha wenzake kwenye Mont Ventoux mwaka 2013 akiwa amekaa kwenye kiti, miguu ikizunguka kwa kasi ambayo watazamaji waliizungumzia kwa miaka. Usiwaige namba zao. Ijue yako kwanza, kisha punguza gia moja na uone kama goti linashukuru.

Kama bado hujanunua kihisi chochote, nunua cha kisasa kisichotumia sumaku. Kinafungwa kwa mpira kwenye mkono wa pedali, kinahisi mzunguko chenyewe, na huna haja ya sarafu wala chaki. Lakini kama tayari unacho cha sumaku, labda kilikuja na baiskeli ya mtumba na sumaku yake imepotea njiani, usikitupe. Tafuta sumaku ya milimita 10, ibandike kwenye ekseli ya pedali ya kushoto, uvute kihisi mpaka nafasi ya sarafu mbili. Kikifungwa vizuri kinasoma sawasawa na hicho cha bei kubwa.